Karatasi inayong'aa, kaki au khanga: kipi kinafunga zawadi vizuri kwa fedha kidogo?

Binti wa Segerea
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Mwezi ujao binamu yangu anafanyiwa kicheni pati, na mimi na dada zangu tumemnunulia vitu vitano: glasi sita zilizo ndani ya boksi lao, pasi ya umeme, jozi ya mashuka, hotipoti isiyo na boksi, na sinia kubwa. Fedha iliyobaki ya kufungia vyote ni shilingi 10,000. Nilipopita Kariakoo, karatasi ya zawadi inayong'aa ilikuwa shilingi 1,000 kwa moja, na nikipiga hesabu hotipoti peke yake itakula mbili, kabla sijanunua utepe wala maua ya kubandika. Karatasi ya kaki, ile tuliyokuwa tukifunikia madaftari shuleni, ilikuwa nusu ya bei hiyo. Mama naye anasema tuache karatasi kabisa, tufunge kwa khanga. Kwetu zawadi hukabidhiwa mbele ya ukumbi mzima, kwa hiyo nataka zipendeze kwa kweli. Naomba mnilinganishie njia hizi tatu.

Mzee Majalada
Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa nimekaa miaka mingi katika kazi ya kujalidi vitabu, nitazungumzia karatasi na kuwaachia khanga wanaoijua. Kati ya hizo mbili mimi ninachagua kaki, na bei si sababu kubwa. Ile inayong'aa mara nyingi ni utando mwembamba wa plastiki, nao haushiki mkunjo: ukiukunja unainuka tena, unaongeza selotepu, na selotepu ndiyo inayoonekana kwanza mtu akiishika zawadi. Kaki ukiikunja na kuipitishia mgongo wa rula, mkunjo unabaki mkali kama umepigwa pasi.

Kinachoharibu zawadi nyingi ni vipimo. Zungusha uzi kwenye boksi, ongeza sentimita 3, huo ndio upana wa karatasi yako. Kwenye kila ncha acha kiasi kinachozidi kidogo tu nusu ya kimo cha boksi, kwa sababu ukiacha zaidi ya hapo karatasi inajirundika, pembe zinavimba, na hakuna utepe utakaoficha uvimbe huo. Kabla ya kubandika, kunja ukingo wa juu kwa ndani kiasi cha sentimita 1 ili mkato wa mkasi usionekane, kisha uweke selotepu chini ya mkunjo huo.

Kama boksi lina uso wa mraba na si refu, iko njia nyingine. Pima mshazari wa uso wa boksi, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, ongeza kimo mara moja na nusu, ukate karatasi ya mraba yenye upande huo. Boksi la sentimita 20 kwa 20 lenye kimo cha sentimita 8 litahitaji karatasi ya takriban sentimita 40 kwa 40. Liweke katikati likiwa limegeuzwa, kiasi kwamba pembe za karatasi zielekee kwenye pande za boksi, kisha uzikunje pembe nne zikutane juu. Sitasema kwamba inaokoa karatasi nyingi, kwa maana tofauti ni ndogo. Faida yake ni kwamba kipande kimoja cha selotepu kinatosha, na karatasi ya sentimita 50 kwa 50, ambayo kwa njia ya kawaida isingelizunguka boksi hilo, hapa inatosha na kubaki.

Mama Darajani
Mdogo wangu, mama yako amesema kweli, nami nitaeleza kwa nini. Karatasi huchanwa siku ileile na kufagiliwa. Khanga bibi harusi ataifungua, ataikunja, ataivaa. Ikiwa mlikuwa na nia ya kumpa doti ya khanga hata hivyo, basi gharama ya kufungia haipo tena, maana zawadi moja imeibeba nyenzake. Lakini ikiwa itabidi mnunue doti kwa ajili ya kufungia tu, bajeti yenu haitatosha, na hapo namuunga mkono Mzee Majalada.

Ninakuomba jambo moja: soma jina la khanga kabla hujalipa. Miaka iliyopita nilifunga zawadi ya wifi yangu kwa khanga niliyoipendea rangi, nyekundu na nyeusi, yenye michoro mizuri ya korosho pembeni. Nilikuwa na haraka, muuzaji ameikunja mji wake, yaani sehemu ya katikati, ukiwa nje, nami sikuifungua. Ilipowekwa mbele ya wageni, maandishi yakakaa juu kabisa ya fundo: Hasidi hana sababu. Wifi yangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kwa miezi mitatu hakukanyaga nyumbani kwangu. Nilikwenda kwake mwenyewe kumweleza, tukalia, tukapatana. Khanga inasema, na aliyeipokea ana haki ya kuamini kwamba umekusudia inachosema. Tafuta yenye maneno ya pongezi au ya dua, na unapofunga, yalaze maneno hayo mahali pa kusomeka.

Tena khanga mpya usiifue kabla ya kufungia. Ule ugumu wa dukani ndio unaofanya mikunjo isimame. Ipige pasi tu.

Mwana wa Mvita
Naongezea kwa upande wa Mombasa, ambako sisi tunaiita leso. Wajapani wana ufundi kama huu, wanafunga kwa kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki, na mwaka 2006 waziri wao wa mazingira wa wakati huo, Yuriko Koike, aliuhimiza upya ili kupunguza mifuko na takataka. Leso yetu si mraba, ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo wanaojaribu kuifunga kwa mtindo huo hushangaa upande mmoja ukiwa mrefu. Kunja kiasi cha sentimita 40 za ule urefu kwa ndani, utapata mraba.

Hotipoti ndiyo inayofaa zaidi hapa, kwa sababu kitu cha mviringo hakipatani na karatasi. Iweke katikati, funga pembe mbili zinazotazamana juu ya kifuniko, kisha uinue mbili zilizobaki uzifunge juu ya fundo la kwanza. Fundo lifungwe kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia, ndipo litalala sawa na masikio yake yatakwenda pembeni. Ukirudia upande uleule mara mbili litasimama upande na kulegea njiani. Masikio hayo yachambue polepole kwa vidole hadi yafanane na ua. Na mkipata asumini asubuhi ya shughuli, chomekeni kishada kidogo ndani yake.

Mkonge
Msinunue utepe wa plastiki. Kamba nyembamba ya katani, ambayo huku kwetu Korogwe haitafutwi mbali, inakaa vizuri mno juu ya kaki. Suka nyuzi tatu kama nywele, uzungushe mara mbili, na ukate ncha kwa mkasi mkali. Ila isikae juu ya mashuka au kitambaa cha rangi nzito, kwa sababu inaacha vinyweleo.

Mpiga Picha wa Shughuli
Nimewasoma wote, na ninaomba kuitetea kidogo karatasi inayong'aa. Ukumbini mtu aliye meza ya nyuma haoni mkunjo wala kamba ya katani. Anaona kinachong'aa. Kaki tupu chini ya taa za njano hufifia, na kwenye picha hufanana na kifurushi cha ofisini. Hata hivyo zawadi iliyofunikwa yote kwa karatasi ya kung'aa hurudisha mwanga wa kamera, na picha yake ni doa jeupe. Nilichoona kikipendeza pande zote mbili ni mkanda: nunua karatasi moja tu ya kung'aa, ikate vipande virefu vya upana wa sentimita 7 au 8, uvizungushe katikati ya zawadi zilizofungwa kwa kaki. Karatasi moja itazitosha zote. Chagueni rangi ya sare ya shughuli, ili zawadi zenu zijulikane kuwa zimetoka mkono mmoja.

Binti wa Segerea
Nawashukuru sana. Jana jioni nilifanya jaribio kwenye boksi la pasi. Mara ya kwanza niliacha karatasi nyingi kwenye ncha, na pembe zikavimba kama alivyosema Mzee. Nikapunguza, nikapitisha mgongo wa rula, na dada yangu mkubwa alipoingia akauliza nimefungiwa duka gani.

Tumeamua hivi. Glasi, pasi na mashuka tutafunga kwa kaki nne, shilingi 2,000, na karatasi moja ya kung'aa ya zambarau kwa ajili ya mikanda, shilingi 1,000. Katani ya shilingi 1,500 itakwenda kwenye glasi na pasi pekee. Hotipoti itafungwa kwa khanga moja ya doti ambayo mama alikwisha kuiweka kwa ajili ya binamu, na ya pili tutaikunja tuiweke kando yake. Tumeifungua tukaisoma yote, pindo hadi pindo. Jina lake ni Wema hauozi. Sasa nimebakiwa na sinia. Limenishinda kwa kila njia, na kuna shilingi 5,500 mkononi.

Mama Darajani
Sinia usilifunge, mdogo wangu. Lipanguse ling'ae, upange hizo nne juu yake, na ulifunike kwa kawa la ukili la rangi. Kawa nalo ataondoka nalo. Kama fedha haifiki, nusu yake utaitoa kwa ndugu, maana mtu hakosi kuchangia kawa la bibi harusi.