Je, kupe wa swala wanaweza kutuambukiza magonjwa?

Mfugaji, Busega
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Dada yangu anayeishi Connecticut, Marekani, amesisitiza tusiwakaribie swala, kwa kuwa kwao kulungu ndio wanaolaumiwa kwa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Ng'ombe wetu huchungwa jirani na pori, na watoto hurudi jioni wakiwa na kupe mapajani. Je, hofu hiyo inatuhusu?

Afisa mifugo, Magu
Hofu ya dada yako ina msingi, ila lawama imemwangukia asiyestahili. Kule Marekani kulungu humlisha kupe mpevu hadi akazaliana, lakini vijidudu vya Lyme, vilivyotambuliwa na Willy Burgdorfer mwaka 1982, kupe huvipata angali mchanga, hasa anapofyonza damu ya panya. Kulungu huongeza kupe; hawaambukizi.

Hapa kwetu pia wa kuogopwa ni kupe, na ng'ombe ndio wanaomleta hadi uani. Ndigana kali inayotuulia ndama haimpati binadamu. Anayenitia wasiwasi ni yule kupe mkubwa, ambaye dume lake lina madoa ya rangi mgongoni, kwa sababu hubeba riketsia, vijidudu vinavyomletea binadamu homa. Ogesheni mifugo joshoni kwa ratiba.

Tabibu, Nyamagana
Homa hiyo huanza takriban wiki moja baada ya kung'atwa: kichwa na misuli huuma, mitoki huvimba, na pale alipong'atia hubaki kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Tafadhali mwonesheni mhudumu gaga hilo, maana likifichwa na nguo, mgonjwa hupimwa malaria tu na kurudishwa nyumbani akiwa bado anaugua. Dawa yake ipo, doksisaiklini, ila itolewe na mtaalamu, hasa kwa mtoto au mjamzito.

Msiwasahau papasi wa kwenye nyufa za nyumba za udongo. Huuma usiku na kuondoka, na homa yao hupoa kisha ikarudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Ombeni damu iangaliwe kwa hadubini.

Mfugaji, Busega
Nashukuru sana, Daktari. Watoto huwachoma kupe kwa kijinga cha moto au kuwapaka mafuta ya taa. Je, ni sahihi?

Tabibu, Nyamagana
Hapana, watoto waache kabisa kufanya hivyo. Mshike kupe kwa kibano karibu na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha wala kumminya, kisha osha jeraha kwa maji na sabuni. Asipasuliwe kwa kucha.