Harusi Unguja: taarab au DJ?

Swali: Assalamu alaykum. Binti yetu anaolewa Unguja. Mama zake wanataka taarab, shoga zake wanataka DJ. Tumchukue nani?

Jibu la 1: Waalaykumu salaam. Kwa usiku wa wanawake, sioni cha kuishinda taarab yenye ala za kanuni, udi na fidla, kama ile ambayo kikundi cha Ikhwani Safaa cha hapa Unguja kimeienzi tangu mwaka 1905, kwani wageni huinuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji. DJ atatunzwa nini?

Jibu la 2: Naafiki, ila ulizeni habari ya umeme kwanza. Kwetu jenereta lilizimika katikati ya wimbo. Fidla ziliendelea, lakini mwimbaji hakusikika hata safu ya pili.

Muuliza swali: Ahsanteni. Basi taarab hadi saa nne, kisha DJ.

Jibu la 2: Saa hizo ziandikeni kwenye mkataba.