Mtoto wa miaka 8 anasahau anachofundishwa, nianzie wapi kabla ya kuongeza tuisheni?

MamaWawili:
Habari zenu wadau. Nina kijana wangu wa miaka 8. Mchangamfu, ukimsimulia hadithi ataikumbuka mpaka rangi ya nguo ya sungura. Ila darasani mwalimu analalamika: hatulii, anachokoza wenzake, akiulizwa walichosoma jana anakodoa macho tu. Kazi ya nyumbani ya ukurasa mmoja inakula jioni nzima na mara nyingi inaishia kwa kilio, chake au changu. Baba yake anataka tumwongezee tuisheni ya jioni. Mwenzangu kazini kanishauri dawa ya maji ya "kuongeza akili". Kabla sijatoa hela, waliopitia haya naomba ushauri.

Fundi_Chaki:
Pole dada. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. Niambie kwanza: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, na asubuhi anaamka mwenyewe au mpaka umburute?

Mzee_Hana_Mchezo:
Watoto wa siku hizi wamedekezwa. Weka fimbo mezani wakati wa kusoma uone kama hatakumbuka.

Nesi_Mstaafu:
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo sikubaliani nawe. Mtoto mwenye hofu akili yake yote iko kwenye fimbo, haiko kwenye hesabu. Atakariri ili kipigo kipite, kesho kimeyeyuka. Tusubiri mama ajibu swali la mwalimu.

MamaWawili:
Analala saa 4:30 usiku, siku nyingine inapita. Baba yake anachelewa kurudi, akifika ndipo wanapocheza gemu kwenye simu. Basi la shule linapita mapema kwa hiyo saa 11:30 alfajiri namwamsha. Kuamka? Namvalisha soksi akiwa bado amelala. Halafu usiku anakoroma, tunamcheka eti kama babu yake.

Fundi_Chaki:
Dada, jibu lako umeliandika mwenyewe. Hayo ni masaa 7. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 mpaka 12 kwa siku. Hata tukichukua kile kiwango cha chini kabisa, wako anadaiwa masaa 2 kila usiku. Ijumaa akiingia darasani deni limefika masaa 10 (usiku 5 wa shule, kuanzia Jumapili), na mwalimu anaona utundu.

Mtu mzima akikosa usingizi anasinzia. Mtoto mara nyingi anafanya kinyume: anarukaruka, anakasirika upesi, hashiki jambo. Kibaya zaidi, ni usingizini ubongo unapoyapanga na kuyaimarisha aliyojifunza mchana. Ukikata usingizi, umekata na somo la jana. Tuisheni ya jioni itakula masaa yaleyale anayoyakosa. Kwa maoni yangu iwekeni pembeni kwa sasa.

Lengo liwe awe kitandani saa 2 usiku. Usimrushe ghafla, atalala macho. Rudisha nyuma robo saa, akizoea, robo saa nyingine. Simu itoke chumbani saa moja kabla. Mwanga wake unachelewesha ile homoni ya usingizi, na gemu lenyewe linamwacha amechangamka. Badala yake asomewe hadithi. Huyo anayekumbuka rangi ya nguo ya sungura atafaidi sana.

Nesi_Mstaafu:
Mimi nimeshikwa na hilo la kukoroma. Akikoroma siku moja ana mafua, si neno. Ila kama ni kila usiku, analala mdomo wazi, pumzi inakatika kisha anashtuka, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi ni zile nyama za nyuma ya pua zimekua. Mtoto wa namna hiyo anaweza kulala masaa 10 na akaamka mchovu. Ukiwa huko omba apimwe usikivu pia, na macho. Nimeona watoto wakiitwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Kuhusu dawa ya akili: haipo. Virutubisho vinamsaidia aliyepungukiwa. Upungufu wa madini ya chuma kweli unaharibu umakini, lakini unajulikana kwa kipimo cha damu. Usimpe chuma kwa kubahatisha, kikizidi ni sumu kwa mtoto. Hela ya chupa hiyo ilipie kipimo.

Baba_Mapacha:
Na asinyimwe kucheza! Shirika la Afya Duniani (2020) linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mchezo wa kutoa jasho. Akitoka shule akimbie nje kwanza, ale, ndipo daftari, kabla giza halijaingia. Jua la nje linasaidia hata macho yasiwe ya kuona karibu tu.

Kwenye kusoma, msimrudishe kusoma ukurasa uleule mara tano. Funga daftari, mwambie "haya, nifundishe mimi". Pale anapokwama ndipo mfungue. Wangu mmoja alikuwa anakwama kwenye 6 mara 7 kila siku. Nikawa namwuliza tukifunga kamba za viatu, keshokutwa tena tukiosha vyombo. Sasa ananiuliza yeye.

MamaWawili:
Ahsanteni sana. Kazi iko kwa baba. Atasema namnyang'anya muda wake na mwanawe.

Baba_Mapacha:
Shemeji, mimi nami narudi usiku. Wangu nawapata asubuhi: mimi ndiye ninayewaogesha na kuwapeleka kituoni, tunapiga soga njia nzima. Mpe zamu hiyo, na gemu lihamie Jumamosi mchana.

MamaWawili:
Hiyo ataikubali. Kukoroma ni kila usiku, nimeanza kuogopa, wiki hii tunaenda kwa daktari. Swali la mwisho: Jumamosi na Jumapili nimwache alale mpaka aamke mwenyewe?

Fundi_Chaki:
Mwongezee kama saa moja tu. Akilala mpaka saa 4 asubuhi, Jumapili usiku hatasinzia mapema, na Jumatatu unarudi kwenye soksi.