Ukishindwa kuweka simu chini, kosa ni lako au la aliyeitengeneza apu?

Wadau naomba tulijadili hili, maana kila likitajwa jibu ni lile lile, "kuwa na nidhamu, kwani nani kakulazimisha?" Mi naona hapo tunaonea watu.

Jana usiku nimeshika simu nijibu meseji moja nilale, nikajibu, kidole gumba chenyewe kikavuta skrini chini, kale kaduara kakazunguka, nikasubiri, hamna kitu, nikavuta tena, video ya paka, basi nakuja kushtuka saa nane macho yanawasha na ukiniuliza nimeona nini hata sikumbuki. Sasa hako kaduara ndo shida yangu. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa anafungia njiwa kwenye boksi wadonoe kitufe wapate chakula, akaona kwamba wakipata kwa kubahatisha, mara mdonoo wa 3, mara wa 50, wanadonoa kama wamepagawa na hata chakula kikikatika hawaachi haraka. Mashine za kamari ndo zinavyokula watu hivyo. Na sisi tukivuta skrini hatujui tutakuta laiki 20 au patupu, kinachotushika ni kule kutojua, wala sio utamu wa hiyo video (paka mwenyewe alikuwa kalala tu jamani).

Alafu gazeti lina ukurasa wa mwisho, hii haina. Aza Raskin aliyebuni kuskroli bila mwisho mwaka 2006 ameshajutia hadharani. Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, 2017 alikiri kwamba walijua wanachezea udhaifu wa akili ya binadamu na wakaendelea. Mtu kakiri mwenyewe, we bado unanambia mi ndo sina nidhamu?

Najua mtasema mbona wengine wanaweza. Wapo kweli, na hata hilo neno uraibu wataalamu bado wanabishania. Wala sitaki mambo ya kufungia watu, Australia tangu Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi akaunti za mitandao ya kijamii, sawa, ila akifikisha 16 si anakuta kaduara kale kale? Mi nataka muundo wenyewe uguswe, video isijicheze yenyewe, skroli ifike mahali iishe, arifa zije zimezimwa anayezitaka aziwashe.

Anayepinga anijibu hili, kama ni nidhamu tu, mbona pa kuzimia hivyo vitu pamefichwa ndani kabisa kwenye mipangilio?