Naomba msaada: klasi kwenye Python zinanichanganya

mwana_kirumba
Habari za jioni wakuu. Najifunza lugha ya programu ya Python mwenyewe, niko Mwanza. Shangazi anauza dagaa kwa jumla pale mwaloni Kirumba na wateja wengi wanakopa, nataka nimtengenezee programu ya madeni. Nina orodha tatu: wateja, kilo, bei. Shida ni kwamba mtu akimaliza deni, ukifuta jina lake bila kufuta kilo zake, majina yote ya chini yanahamia kwenye kilo za wengine. Naambiwa dawa ni klasi, ila nikifika kwenye `self` na `__init__` natoka kapa.

fundi_igoma
Tatizo umeshaliona, na hiyo ndiyo kazi kubwa. Taarifa za mzigo mmoja zikae pamoja:

```
class Mzigo:
    def __init__(self, mteja, kilo, bei):
        self.mteja = mteja
        self.kilo = kilo
        self.bei = bei

    def thamani(self):
        return self.kilo * self.bei
```

Klasi yenyewe haina kilo wala bei, inaeleza tu mzigo unakuwaje. Ukiandika `m1 = Mzigo("Mama Neema", 40, 6000)` ndipo objekti, yaani mzigo mmoja halisi, inazaliwa, na `__init__` inaitwa hapo hapo kuijaza. Ukisema `m1.thamani()`, Python inaiweka `m1` kwenye nafasi ya `self`, unapata 240000. Sasa una orodha moja tu ya mizigo. Ukifuta mmoja, unaondoka na kilo zake na bei yake.

binti_nyegezi
Hapo uwe makini sana na jambo moja. Ukija kuweka orodha ya malipo ya mteja, ukaandika `malipo = []` juu ya `__init__`, orodha hiyo inakuwa ya mizigo yote, na alicholipa Mama Neema kitaonekana kwa kila mteja! Andika `self.malipo = []` ndani ya `__init__`. Hizi ni hela za watu.

mzee_wa_kodi
Urithi wa klasi, yaani klasi moja kuchukua mambo ya nyingine, uache kwanza, kwa kazi hii hauhitaji. Dahl na Nygaard walipotengeneza Simula 67 kule Norway, lugha ya programu iliyoanzisha klasi, lengo lilikuwa kuigiza mambo halisi kwenye kompyuta, ndiyo maana klasi inakaa vizuri kwenye mizigo na wateja. Hesabu isiyotunza chochote ibaki fankisheni ya kawaida, `def` iliyo nje ya klasi.

mwana_kirumba
Asanteni sana, hiyo ya `m1` kuingia kwenye `self` ndiyo ilikuwa imenikwama. Wateja wanalipa kidogo kidogo, kulipa nako kuwe ndani ya Mzigo?

fundi_igoma
Ndiyo. `def lipa(self, kiasi)`, ndani yake `self.malipo.append(kiasi)`. Salio usilihifadhi pembeni, litakuja kupishana na malipo. Lihesabu kila ukilihitaji: `self.thamani() - sum(self.malipo)`.