Ngalawa, kimashua cha mbao au boti ya plaiwudi: nijenge kipi?

Mkaa_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Nimeamua mwaka huu nijenge chombo changu kidogo cha tanga, futi 14 hivi, kwa mikono yangu mwenyewe. Useremala naufahamu, nimetengeneza vitanda na madirisha miaka sita. Nimebaki na mambo matatu: ngalawa ya gogo la mwembe, kimashua cha mbao chenye mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu za ndani), au boti ya plaiwudi inayoshonwa kwa waya na kugandishwa kwa epoksi. Nataka kununua mbao wiki ijayo. Kipi kitanifaa?

TezoNaKeekee
Mkuu, hujasema uko wapi, unabeba watu wangapi, unavua au unatembea tu. Na kubwa zaidi: chombo kitalala majini au utakivuta mchangani? Bila hayo kila mtu atakutajia kile alichonacho kwao.

NahodhaMstaafu
Mimi nasema ngalawa hata kabla hajajibu. Matengo yale mawili, yaani mbao za pembeni zinazoelea, yanakushika pande zote, inapita kwenye maji ya magoti, haina mshono wa kuvuja. Nimeenda nayo kwenye kusi siku ambazo vimashua vilibaki bandarini.

MtotoWaTanga
Shikamoo nahodha. Sipingi, ila gogo la mwembe nene na lililonyooka utalipata wapi siku hizi? Na ndani ya ngalawa unakaa mguu mbele ya mguu. Watoto hawakai vile.

Kuhusu plaiwudi niache niseme, maana niliijenga mwaka 2017. Nilinunua karatasi tatu za futi 4 kwa 8, milimita 9, pembeni zimepigwa muhuri kuwa ni za baharini. Sikuuliza zaidi. Nilishona, nikapaka epoksi kwenye maungo na rangi nyekundu nje. Mwezi wa kwanza ilikimbia vizuri mno. Masika ilipoisha nikaigonga kwa kifundo cha kidole chini ya kiti, ikalia puu, kama kibuyu. Hata hivyo tukatoka, mimi na shemeji yangu.

Tulikuwa tunarudi kutoka Ulenge, upepo wa matlai umeanza kukaza, nikaona maji yanapanda miguuni. Nilipopapasa kando ya mkuku, tabaka la nje lilitoka mkononi kama ganda la kitunguu. Shemeji alikumba maji kwa kopo la rangi bila kuinua kichwa, mimi nikaupa upepo tezi, yaani nyuma ya boti, na kuielekeza boti kwenye mchanga wowote ulio karibu. Tulifika maji yakiwa yamefunika viti. Nyumbani nilichukua kipande kilichobaki nikakitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Haikupita nusu saa, matabaka yote yameachana.

Kwa hiyo ukitaka plaiwudi, omba kipande, kichemshe saa nzima, kikaushe, ndipo utoe pesa. Muhuri usiuamini.

Mkaa_Pwani
Pole sana kaka. Samahani kwa kutoeleza. Niko Kilwa Masoko. Ni mimi na mke wangu na watoto wawili, tuvuke Kilwa Kisiwani, na siku nyingine nivue kwa mishipi ndani ya mlango wa bahari. Nitakuwa nakivuta mchangani, na kuna wiki sitakigusa.

TezoNaKeekee
Sasa tunaongea. Kutoka Masoko mpaka Kisiwani ni pua na mdomo, lakini mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, pale usiuchezee.

Shida ni hiyo ya mchangani. Chombo cha mbao kikikaa juani wiki mbili mbao zinasinyaa, kalafati (pamba ya kuziba maungo) inalegea, siku ya kukishusha kinakunywa maji. Ukikijenga, kifunike kwa makuti na ukimwagie maji. Mninga unapatikana huko kusini, ni mzuri kwa mbao za ubavuni. Mataruma usiyachonge kwenye mbao iliyonyooka. Tafuta matawi yaliyopinda yenyewe, nyuzi za mti zifuate mpindo, la sivyo yatakatika. Kila msumari toboa kwanza kwa keekee, tumia uliopakwa zinki, na chini ya kichwa zungushia pamba iliyolowa mafuta. Pamba hiyo ndiyo inayozuia maji, si nguvu ya nyundo.

NahodhaMstaafu
Na chini ya maji paka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Rangi za dukani hazifiki.

MtotoWaTanga
Nahodha, deheni inataka kurudiwa kila baada ya miezi michache. Mtu mwenye kazi nyingine hataweza.

NahodhaMstaafu
Asiyeweza kukipandisha chombo, akakichoma kwa makuti funza wa mbao wakafa, akakipaka upya, basi chombo kitaliwa kikiwa na rangi nzuri. Nimeona mkuku umebaki kama sega la nyuki.

BintiBwejuu
Mkaa Pwani, chochote utakachojenga, watoto wavae maboya, na umalize mambo ya ukaguzi na usajili TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, kabla ya kubeba mtu. Bajeti pia hujasema.

Ila kushona chombo si jambo geni: mitepe, vyombo vya tanga vya zamani, ilishonwa mwambao huu kwa kamba za nazi, haina msumari hata mmoja. Mmoja ulijengwa upya Unguja mwaka 2003 ukawekwa kwenye makumbusho ya Beit-al-Ajaib. Niliuona nikiwa mwanafunzi, kamba zimepita tundu kwa tundu, zimekazwa hata ukucha hauingii.

Mkaa_Pwani
Bajeti tutaongea, dada. Lakini hizo kamba bado zinapatikana? Kama zinastahimili chumvi nitazitumia hata kwenye tanga.

BintiBwejuu
Mama yangu anazisokota mpaka leo. Makumbi yanafukiwa pwani kwenye matope, yanagandamizwa kwa mawe, yanakaa miezi. Yakifukuliwa harufu yake inafika barabarani. Kisha yanapigwa kwa rungu mpaka zibaki nyuzi tupu. Unataka pima ngapi?

TezoNaKeekee
Kabla ya kamba, tanga lenyewe ni la kitambaa gani? Pamba ya marekani au turubai?