Fundi akikupa bei bila kutoa futi ya kupimia, msindikize getini. Ukarabati wa jiko langu la Pasua, Moshi, umenitoa jasho

Wakuu, naandika hapa nikiwa nimekalia ndoo varandani, mbele ya jiko la mkaa, napepea. Ndani, hatua nne kutoka nilipo, kuna jiko jipya, chumba kizima, lililokula milioni tisa na laki nane na sabini elfu, na sinki lake linaziba kila baada ya siku mbili. Hii ni wiki ya kumi na moja. Kama lugha yangu itakuwa chafu, mnisamehe. Leo sina stara. Nilipokigusia kisa hiki hapa jukwaani mliniuliza kuhusu mkataba na ningefanyaje, na mmoja akaandika kwamba wanawake hatujui kusimamia mafundi; nawajibu wote humu.

Tulianza mwishoni mwa Oktoba. Nyumba yetu iko Pasua, Moshi, ni ya zamani, na jiko lilikuwa la kawaida tu: sakafu ya simenti, kabati moja lililoliwa na mchwa, sinki la bati lenye bakuli fupi. Baba watoto akasema tulitengeneze kabla ya Krismasi. Wenyeji mnaijua Krismasi ya huku. Ukoo mzima unapanda kutoka Dar, na shangazi wa mtu haji kukusalimia akaishia sebuleni. Lazima achungulie jikoni.

Fundi nilimpata kwa jirani. Alikuwa amemjengea uzio, uzio umenyooka kama rula. Nikasema huyu huyu. Nakiri ujinga wangu: mtu kajenga uzio, mimi nikamkabidhi kabati, vigae, maji na umeme.

Siku ya kuja kuangalia kazi aliingia jikoni, akasimama katikati, mikono kiunoni, akazunguka mara moja taratibu kama mtu anayechagua shamba. Akaniambia, "Mama, hii kazi ndogo. Milioni sita na laki mbili, kila kitu." Nikamwomba aandike. Akachana karatasi kwenye daftari la hesabu la mwanangu (hesabu, jamani!) akaandika kwa kalamu: kabati 2,800,000, kaunta ya graniti 1,300,000, vigae 900,000, sinki na bomba 500,000, umeme 300,000, rangi na mengineyo 400,000. Inajumlika vizuri kabisa. Nimeijumlisha mara mia tangu siku ile.

Futi haikuguswa. Na alikuwa nayo, naiona, imening'inia kwenye mkanda wa suruali.

Sasa nawaambia ile futi ingeniokoa na nini. Jiko langu ni mita 3.6 kwa 2.7. Sakafu ni mita za mraba 9.72. Vigae nilivyochagua ni vya sentimita 60 kwa 60, boksi lina vigae vinne, yaani mita za mraba 1.44. Darasa la sita anaiweza hii: maboksi 6 hayatoshi hata kama hukati kigae kimoja, na ukiongeza asilimia kumi ya vya kukata na kuvunjika unahitaji 8. Yeye alikadiria kwa macho, akaniambia ninunue 6. Viliisha upande wa friji. Nikarudi dukani, ule mzigo umeisha, umeingia mwingine. Jina lile lile, namba ile ile, rangi siyo. Muuzaji ananiapia havina tofauti. Njooni saa mbili asubuhi jua likipiga kwenye ule mlango wa nyuma muone, kuna mstari umenyooka kabisa, huku kijivu, kule kama chai ya maziwa. Mama mkwe aliuona kabla hajaweka mkoba chini.

Halafu lile neno "vigae". Mimi nilielewa vigae pamoja na kuvibandika. Kumbe gundi yake haimo, grauti ya kujazia mianya haimo, mchanga na simenti ya kusawazisha sakafu haimo, kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) ya kuleta haimo, kubeba kifusi haimo. Kila nikiuliza naambiwa "hiyo ni nyingine, mama". Graniti vilevile. Bei niliyopewa ni ya jiwe peke yake. Kutoboa tundu la sinki bei yake, kusugua kingo bei yake, watu wanne wa kulibeba bei yao. Kwenye kabati, bawaba na vishikio vya milango havikuwemo. Nauliza kwa nia njema kabisa: kabati lisilo na bawaba mnaliitaje? Si mbao zimeegemezwa ukutani?

Lakini hayo ni ya pesa, pesa inauma inapoa. Kilichonivunja ni mpangilio wa kazi.

Fundi wa vigae ndiye aliyekuwa na nafasi wiki ile, basi akaanza yeye. Kuta zikapendeza, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia, pongezi zikamiminika. Wiki iliyofuata akaja wa umeme. Akafungua soketi moja, akacheka kile kicheko cha fundi anayeona hela yako inakuja kwake. Soketi zote za jikoni zilikuwa zimeunganishwa kwenye waya mwembamba wa 1.5 (milimita za mraba), wa taa. Akaniambia soketi zinataka 2.5, na ile oveni ya umeme niliyonunua kwa mbwembwe inataka waya wake peke yake, mnene, na sakiti breka yake. Kwamba nikiwasha birika, friji na oveni pamoja kwenye waya ule nitachoma nyumba. Sikuwa na la kubisha. Grinda ikawashwa. Vigae 9 vya ukuta ambavyo havijamaliza hata siku kumi vikakatwa nikiwa nimesimama pale na vumbi linaingia mdomoni. Laki tatu za umeme zikawa laki saba na ishirini.

Seremala naye alikuwa ameshachukua vipimo. Ndiyo, yeye alipima! Nilitaka kumkumbatia. Shida alipima ukuta ukiwa mtupu. Gundi na kigae vimekula kama sentimita moja na nusu kila upande, kabati likaja likagoma kuingia, likarandwa mbavu hapo hapo sebuleni. Na ile ni MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ukishaondoa ngozi yake ya pembeni ukaiacha wazi, maji yakiigusa inavimba kama andazi. Imeshaanza, kona ya chini ya sinki. Sakafu nayo imepanda kwa sababu vigae viliwekwa juu ya simenti ya zamani, mlango wa nyuma ukawa unakwaruza, ukakatwa chini. Sasa panya wana lango.

Tuje kwenye sinki, maana ndilo linalonifanya niandike badala ya kulala. La zamani lilikuwa fupi, kwa hiyo tundu la maji machafu ukutani liliwekwa juu. Jipya lina bakuli refu, sentimita 22, sufuria la makande linazama lote, nililipenda kwa hilo. Hakuna aliyejiuliza bakuli likishuka, tundu la ukutani linabaki wapi. Linabaki juu. Lile bomba lililopinda kama U chini ya sinki, mdomo wake wa kutolea maji uko chini ya tundu kwa vidole vinne, kwa hiyo bomba likitoka pale linapanda. Wakuu, maji ya Kilimanjaro yenyewe yanashuka, ya kuoshea vyombo vyangu ndiyo yapande? Yanalala bombani, mafuta yanaganda, punje za wali zinajipanga, harufu inaanza. Nikamwuliza fundi. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Mama, hili litajizoea."

Bomba litajizoea!

Hapo ilikuwa katikati ya Novemba. Keshokutwa yake akaniaga anaenda kuchukua misumari. Simu haipatikani. Siku ya nne nikaambiwa na kijana wake kwamba bosi yuko Machame, kuna mtu wa Dar anataka nyumba yake ipigwe rangi na dari kabla ya tarehe 20. Nilipaswa kulijua hili, nimezaliwa huku. Kuanzia Novemba mafundi wote wanapanda mlimani, Marangu, Kibosho, Machame, kwa wenye haraka na hela ya Desemba, na sisi wa mjini tuliokwisha kulipa advansi tunabaki na vumbi. Nilikuwa nimeshamlipa asilimia themanini ya ufundi. Angebaki kwa nini?

Krismasi nimepika varandani. Mtori wa watu ishirini na wawili kwenye mafiga, mvua za vuli zinamaliziamalizia hasira zake juu ya bati, moshi unaingia sebuleni kwa wageni. Mama mkwe akaniangalia akaniambia kwa upole ambao ni mbaya kuliko matusi, "Mwanangu, jiko langu kule juu lina miaka arobaini. Halijawahi kuhama." Shemeji zangu wakacheka hadi machozi.

Nimeona wengi mnauliza mkataba. Karatasi ya daftari ndiyo mkataba wangu, haina hata sahihi. Na risiti? Bomba la sinki, lile la kufungulia maji, lilianza kuvuja shingoni wiki ya pili, nikalirudisha dukani, wakaniuliza risiti. Fundi ndiye aliyenunua, na alinunua kwa ile "bei ya bila risiti" ili tuokoe ile asilimia 18 ya kodi (VAT). Nimeokoa elfu kumi na nne, nimenunua bomba mara mbili.

Na wewe uliyeandika kwamba wanawake hatujui kusimamia mafundi, baba watoto alikuwepo wiki mbili nzima za mwanzo. Yeye ndiye aliyekubali vigae vitangulie. Muulize.

Waliouliza ningefanyaje: ningemlipa fundi bomba na fundi umeme kuja kuangalia tu, kabla ya kununua hata msumari, na sinki na oveni ningekuwa nimeshazichagua ili wazione. Ukuta uchimbwe ukiwa bado mchafu. Plasta, vigae, ndipo seremala apime. Na kwenye kila laki tano ya hesabu ningetenga kama laki moja ya mambo yasiyoonekana, nisiyaite "mengineyo". Na ningeanza Februari, mafundi wakiwa na njaa.

Nyongeza, saa nne usiku: fundi amepiga simu. Baada ya wiki nane. Anadai salio lake la 350,000, kuna ada za watoto. Nikamwambia aje kesho asubuhi, hela ipo, ila kwanza atapiga magoti chini ya sinki, atoe ile futi kiunoni, anisomee kwa sauti tundu liko sentimita ngapi kutoka sakafuni na mdomo wa ile U uko ngapi. Amenyamaza kidogo, akaniuliza kama ninaweza kutuma kwa simu.

Natafuta fundi bomba, Moshi mjini, anayeweza kuchimba ukuta bila kuvunja zaidi ya vigae vitatu. Vya akiba vimebaki vinne, na kimoja kina ufa.